MTOTO AKILILIA LEZA, ASIPEWE

Wahenga walituachia usemi kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Hawakuusema kwa ukatili, wala kwa kuchoka kulea. Waliusema kwa sababu waliujua wembe. Wembe hukata, hukata kwa maumivu, damu ikatoka, mtoto akalia. Na baada ya siku chache jeraha likafunga. Kilichobaki kilikuwa ni kovu dogo kidoleni na funzo kubwa moyoni. Maumivu ndiyo yaliyokuwa mwalimu, na kupona ndiko kulikoufanya ualimu huo uwe wa haki.

Makala haya yanahusu kitu ambacho watoto wetu wanakililia siku hizi, na ambacho hakitimizi hata sharti moja katika hayo mawili. Hakiumi kinapojeruhi, na jeraha lake halina uhakika wa kupona. Kitu hicho ni tochi ndogo ya leza, ile inayotoa mstari mwembamba wa mwanga wa kijani, mwekundu au wa buluu, na inayouzwa kana kwamba ni kichezeo.

Mwandishi wa makala haya alikuwa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, jioni moja ya kipupwe. Kwa wasomaji wetu wa visiwani ambao hawajajaaliwa kufika huko, Mandewa ni kata ya mji wa Singida, katika nyanda za kati za Tanzania Bara, mwendo wa karibu kilomita 700 kutoka pwani ya Dar es Salaam. Ni nchi ya upepo, majabali na alizeti. Hapo Mandewa ndipo ilipojengwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, jambo ambalo msomaji anaombwa alikumbuke, kwani tutalirudia.

Mbele ya duka moja walikuwapo watoto wanne ambao umri wao haukupita miaka kumi na miwili. Mmoja alishika tochi nyeusi, nene kidogo kuliko kalamu, na kutoka ndani yake ulitoka mstari wa kijani uliokwenda kutua juu ya jabali la mbali. Waliuchezesha juu ya jabali, wakaupeleka juu ya mbuzi waliokuwa wakirudi zizini, wakaupitisha juu ya kioo cha basi lililokuwa barabarani. Kisha wakaanza mchezo mwingine. Mmoja wao alisimama hatua chache mbele ya mwenye tochi, akalipanua jicho lake kwa vidole viwili, na wenzake wakaanza kuhesabu kwa sauti ili wajue atavumilia mpaka ngapi. Walikuwa wamefika mbili mwandishi alipoingilia kati.

"Shikamoo, babu," wakasema kwa pamoja, kwa adabu yote.

"Marahaba, wajukuu zangu. Tochi hii imetoka wapi?"

"Mjomba kaniletea kutoka Dar," akajibu mwenye mali.

"Na wewe uliyemulikwa, jicho lako vipi?"

"Haiumi, babu," akasema yule mtoto, akicheka. "Haiumi hata kidogo."

Maneno hayo mawili, haiumi babu, ndiyo yaliyomfanya mwandishi aandike makala haya. Mtoto yule hakusema uongo. Alisema kweli tupu, na katika kweli hiyo ndimo hatari yote ilimojificha.

JICHO LINAVYOSALITIWA

Kila mmoja wetu aliyepita utotoni amewahi kuchukua kioo cha kukuzia maandishi, akakiweka kwenye jua na kukusanya miale yake juu ya karatasi mpaka karatasi ikatoa moshi. Ndani ya jicho la binadamu mna kioo cha namna hiyo. Sehemu ya mbele ya jicho pamoja na lenzi yake hukusanya mwanga wote unaoingia kupitia mboni na kuuweka juu ya retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea sura za vitu na kuzipeleka kwenye ubongo. Bila ya kazi hiyo tusingeona chochote.

Mwanga wa taa ya kawaida husambaa pande zote, na ni sehemu ndogo tu inayofika jichoni. Mwanga wa leza hausambai hivyo. Miale yake husafiri pamoja kama safu ya askari, na jicho linapoipokea huikusanya kwenye doa dogo mno, jembamba kuliko unywele. Wakati wa giza, mboni ikiwa imefunguka kwa upana wa milimita 7 hivi, nguvu ya mwanga huo juu ya retina huweza kuzidi ile iliyokuwapo juu ya uso wa jicho kwa kiasi cha mara laki moja. Ndiyo maana leza ya miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, huweka juu ya doa hilo mwanga mkali kuliko wa jua lenyewe.

Watu wengi huvunjwa makali na hesabu hizi. Wanajua kwamba taa ya umeme ya sebuleni hutumia wati kadhaa, kwa hiyo wakisikia miliwati mia moja huona ni kitu cha kuchekesha. Kosa lao ni kulinganisha maji ya mvua iliyotanda juu ya shamba zima na maji hayo hayo yaliyopitishwa kwenye tundu la sindano.

Sasa, kwa nini haiumi? Tumwulize fundi wa kuchomelea vyuma, awe wa Mandewa au wa Mwanakwerekwe. Fundi aliyefanya kazi bila ya miwani nyeusi hujua adhabu yake usiku huo huo. Macho humwasha kama yaliyotiwa mchanga, humtoka machozi, na halali. Hayo ni kwa sababu mwanga wa kuchomelea huunguza ngozi ya mbele ya jicho, ambayo imejaa mishipa ya fahamu. Baada ya siku moja au mbili ngozi hiyo hujijenga upya na fundi hurudi kazini, safari hii na miwani yake. Huo ni wembe wa wahenga: umeuma, umefunza, umepona.

Retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Inaweza kuungua na mwenyewe asijue. Aidha, chembe zake zikishakufa hazioti tena. Zaidi ya hayo, mtu anapoutazama mwanga, huuelekeza penyewe kwenye kitovu cha retina, mahali padogo tunapopatumia kusomea, kutunga uzi katika sindano na kutambua nyuso za watu. Mtu aliyeungua hapo haanguki wala hapapasi ukuta kama kipofu. Anatembea vizuri, kwa kuwa pembeni anaona. Lakini kila anachokikodolea macho kinafunikwa na doa. Akiitazama herufi, haipo. Akimtazama mama yake, anaona nywele na mabega, uso hauoni.

Na kama jicho lililoungua ni moja, jicho la pili hulifichia aibu mwenzake. Mtoto hucheza, hula, huenda skuli, na aweza kukaa muda mrefu bila ya yeye mwenyewe kugundua alichokipoteza.

USHAHIDI WA WALIOTANGULIA

Leza si kitu kigeni duniani. Ya kwanza iliwashwa na mwanasayansi Theodore Maiman huko California, Marekani, tarehe 16 Mei 1960. Tangu hapo imekuwa mtumishi mwema wa binadamu. Husoma alama za bei madukani, huchapa karatasi maofisini, huwasaidia wajenzi kupata usawa wa ukuta, na madaktari wa macho huitumia kuzuia upofu kwa wagonjwa wa kisukari. Makala haya hayaishitaki leza. Yanashitaki leza yenye nguvu iliyomo katika mkono usiojua.

Mnamo mwaka 1977 mwanasayansi mmoja wa Marekani alichapisha maelezo ya ajali iliyompata mwenyewe maabarani, alipopigwa jichoni na miale ya leza isiyoonekana iliyorudishwa na kifaa kilichokuwa mbele yake. Alieleza kwamba alisikia mlio mdogo kama wa kitu kinachopasuka ndani ya jicho lake, na mara uoni wake ukachafuka. Huyo alikuwa mtaalamu, katika maabara. Yaliyokuwa ya maabara siku hizo leo yamo mfukoni mwa mtoto.

Mwaka 2010 madaktari wa Uswisi walitoa taarifa ya mvulana wa miaka 15 aliyeagiza tochi ya leza kwa njia ya intaneti. Ilikuwa na nguvu ya miliwati 150. Aliitumia kupasulia vibofu, kutobolea karatasi na kuunguzia viatu vya dada yake. Kisha siku moja akaichezesha mbele ya kioo cha kujitazamia, na miale ikamrudia. Jicho lake la kushoto likabakia na uwezo wa kuhesabu vidole tu, tena kwa umbali usiofika hata mita moja. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba alikaa wiki mbili akilificha tatizo lake kabla ya kwenda kwa daktari. Tiba ilimrudishia sehemu ya uoni wake, lakini kovu lilibaki. Kama mtoto mkubwa wa nchi yenye hospitali kila upande alificha, mtoto wetu wa miaka kumi, aliyekatazwa kuichezea tochi hiyo, atatoa wapi ujasiri wa kusema?

LEBO ISIYOAMINIKA

Tume ya kimataifa inayoweka viwango vya vifaa vya umeme, IEC, imezigawa leza katika madaraja. Daraja la 1 halina madhara katika matumizi ya kawaida. Daraja la 2 ni leza ya mwanga unaoonekana isiyozidi miliwati moja. Hapo jicho hujilinda lenyewe, kwa kuwa mwanga mkali hulifanya lipepese ndani ya robo ya sekunde. Daraja la 3R hufika miliwati 5, na linataka uangalifu. Daraja la 3B huanzia hapo hadi miliwati 500, na huweza kujeruhi jicho kabla kope haijashuka. Zaidi ya miliwati 500 ni Daraja la 4, ambalo huwasha kiberiti na kuunguza ngozi, na hata mng'ao wake unaorudi kutoka ukutani kwa karibu ni hatari.

Mgawanyo huo ni mzuri, iwapo kilichoandikwa juu ya tochi ni kweli. Tochi ya Mandewa ilikuwa na kibandiko chenye maneno madogo ya Kiingereza, kikidai kwamba nguvu yake haizidi miliwati 5. Mwandishi hakuwa na chombo cha kuipimia, na jicho la binadamu haliwezi kupima. Lakini Taasisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, NIST, ilipozipima tochi za leza 122, ilitangaza mwaka 2013 kwamba karibu asilimia 90 ya zile za kijani, na asilimia 44 hivi ya zile nyekundu, hazikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Ikiwa hali ni hiyo mahali penye vipimo na wapimaji, ni nani kwetu atakayeapa kwa kibandiko?

Leza za kijani za bei nafuu zina hila nyingine. Nyingi hutengeneza mwanga wa kijani kutokana na miale mingine ya aina ya joto, ambayo jicho haliioni. Mtengenezaji mwaminifu huweka kichujio cha kuizuia miale hiyo isitoke. Asiye mwaminifu hupunguza gharama kwa kukiacha kichujio hicho. NIST iliwahi kueleza mwaka 2010 kwamba tochi moja ya namna hiyo ilitoa karibu miliwati 20 za miale isiyoonekana, nguvu iliyoupita kwa mbali mwanga wake wa kijani. Kope haishuki kwa kitu isichokiona.

BAHARINI, ANGANI NA UWANJANI

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akasema: hayo ni ya Singida. Hasha. Tochi ile haikuzaliwa Singida. Mandewa haina bandari. Bidhaa hii huja kwa bahari au kwa ndege, ikapita mikononi mwa mwagizaji, mchuuzi na mjomba, ndipo ikafika kwa mtoto. Sisi tunaokaa penye bandari ndio tunaokaa mlangoni. Kinachopita mbele yetu bila ya kuulizwa hukutwa mbali na bahari, katika jicho la mtoto ambaye hajawahi hata kuiona meli.

Tena visiwa vina hatari yake vyenyewe. Miale ya leza haitawanyiki upesi. Kwa tochi ya kawaida, doa lake huwa na upana wa sentimita kumi hivi kwa umbali wa mita 100, na huwa limefika mita moja tu kwa umbali wa kilomita. Kwa umbali huo huenda isiunguze jicho, lakini hulitia kiwi. Nahodha wa meli ya usiku anayeingia bandarini, mvuvi wa dagaa anayetafuta njia kati ya miamba, na rubani wa ndege ndogo anayeshuka Unguja au Pemba, wote hutegemea macho yaliyokwisha kuzoea giza. Mwanga mmoja wa ghafla huyanyang'anya macho hayo kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo chombo hakisimami kumngojea mwenyewe aone.

Wenzetu wamelipima jambo hili. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilipokea taarifa 12,840 za ndege kumulikwa kwa leza katika mwaka 2024 peke yake. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2018 inayoweza kumpeleka gerezani kwa muda wa hadi miaka mitano mtu anayeelekeza leza kwenye chombo cha usafiri na kumtia kiwi, au kuelekea kumtia kiwi, anayekiendesha.

Nao wapenzi wa kandanda watakumbuka usiku wa tarehe 29 Machi 2022 huko Diamniadio, Senegal, pale uso wa Mohamed Salah wa Misri ulipogeuka kijani kwa miale iliyotoka majukwaani wakati alipokwenda kupiga penalti. Mpira ulipaa juu ya mlingoti. Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, liliitoza Senegal faranga za Uswisi 175,000 na kuiamuru icheze mchezo mmoja bila ya watazamaji, kwa makosa kadhaa likiwemo hilo. Mazungumzo mengi ya siku zile yalihusu penalti. Machache yalihusu macho. Ni vyema tuliangalie jambo hilo kabla halijazoeleka katika viwanja vyetu vya Amaan na Gombani.

Kuna jambo jingine la kutafakari. Mnamo Oktoba 1995, mjini Vienna, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku silaha za leza zilizotengenezwa kwa madhumuni ya kumpofusha mtu moja kwa moja, na mapatano hayo yakaanza kutumika mwaka 1998. Vita huruhusu mengi yasiyosemeka, lakini mataifa yalikiri kwamba hata askari adui hastahiki kunyang'anywa macho kwa namna hiyo. Basi lile ambalo dunia imemkinga nalo askari vitani, sisi tunamkabidhi mtoto wetu kama zawadi ya sikukuu.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kwanza, kwa wenye kuzitumia leza kwa kazi, yaani wajenzi, wapimaji ardhi, mafundi na wenye kupamba sherehe kwa taa. Fundi achague leza ndogo kabisa inayotosha kwa kazi yake. Miale isiachwe ipite kwenye kimo cha macho ya watu, wapitao au waliokaa. Kioo, vigae vinavyong'aa, bati na hata saa ya mkononi huirudisha miale kwa mwenyewe. Betri zitolewe baada ya kazi, na kifaa kifungiwe.

Miwani ya kinga inahitaji maelezo, kwani hapa wengi hudanganyika. Miwani ya jua si kinga. Miwani ya leza hutengenezwa kwa rangi maalumu ya mwanga, inayohesabiwa kwa nanomita: kijani cha kawaida ni 532, nyekundu huwa karibu na 650, na buluu karibu na 450. Inayozuia kijani huweza kuupitisha mwekundu wote. Pamoja na hayo, miwani ya kweli huandikwa kiwango cha kuzuia: yenye namba 2 hupitisha sehemu moja katika mia, na yenye namba 4 hupitisha sehemu moja katika elfu kumi. Miwani isiyoandikwa chochote, ile inayotiwa bure ndani ya boksi pamoja na tochi, isihesabiwe kuwa ni miwani. Na hata mwenye miwani bora hana ruhusa ya kuutazama mwanga wenyewe.

Pili, kwa wazee na walimu. Mtoto asipewe leza ya aina yoyote kuwa kichezeo. Kama tayari anayo, ichukuliwe kwa upole, tena kwa maelezo, na asitishwe, kwa sababu mtoto aliyetishwa ndiye atakayeficha. Ikiwa mtu amemulikwa jichoni, asilisugue. Afumbe jicho moja kwa kiganja, na kwa jicho la pili atazame ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, kisha abadilishe. Mistari ikionekana imepinda, imekatika au imefunikwa na doa, aende hospitali siku hiyo hiyo akaangaliwe nyuma ya jicho. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anachokiona, au kwa yeyote aliyemulikwa na leza yenye nguvu, aende hata kama hasemi kitu. Daktari aweza kutibu damu iliyovuja, na mara nyingine kuziba tundu lililotokea. Baadhi ya majeraha hupungua yenyewe kwa miezi. Lakini hakuna dawa ya uhakika ya kuirudisha retina iliyokufa.

Tatu, kwa viongozi na maofisa wanaohusika. Hatuombi vitu vya ajabu. Uingereza huelekeza kwamba tochi za leza zinazouzwa kwa wananchi wa kawaida zisizidi Daraja la 2, yaani miliwati moja. Kipimo hicho chatufaa. Taasisi ya Viwango Zanzibar na Shirika la Viwango Tanzania zina uwezo wa kulisimamia jambo hili kwa sauti moja, ili kilichokataliwa bandari moja kisipitie nyingine. Chombo cha kupimia nguvu ya leza si mtambo mkubwa. Hutosha juu ya meza ya ofisa wa forodha. Maandishi ya hadhari yawe kwa Kiswahili, maana hadhari isiyosomeka si hadhari. Wenye kuhitaji leza zenye nguvu kwa kazi halali waagize kwa kibali, na majina yao yajulikane. Na hospitali zetu, kutoka Mnazi Mmoja na Chake Chake hadi hizo za mikoa, ziandike kila jicho lililojeruhiwa kwa leza kuwa limejeruhiwa kwa leza, kwa sababu serikali haiwezi kupanga dhidi ya adui asiyehesabiwa.

Yapo watakaosema kwamba maduka ni mengi na wakaguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini tunao mfano wa kututia moyo. Jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016, na watu wakakusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama likiwa kama pete, wataalamu walitangulia kuwaeleza wananchi kwamba jua halitazamwi kwa macho matupu, na miwani maalumu ikatumika. Hakuna aliyeona kwamba kufundisha taifa jambo moja kuhusu macho ni kazi isiyowezekana. Nako kupatwa kule kulikuwa kwa saa chache za siku moja. Leza imo mfukoni kila siku.

TURUDI MANDEWA

Mwandishi alimtafuta mama wa yule mtoto aliyelipanua jicho, akamweleza kwamba ingefaa apelekwe hospitali akaangaliwe. Mama akamshika mwanawe kidevu, akamtazama machoni, akamwuliza, "Unaona?" Mtoto akajibu kwamba anaona. Mama akashukuru sana, akamwita mgeni baba, akamkaribisha chakula. Kisha akaendelea na kazi yake. Hana wa kumlaumu. Macho mawili yalikuwa wazi, meupe, hayana wekundu wala chozi, na mwenye macho amesema haiumi. Mama gani angeacha chungu jikoni kwa ugonjwa wa namna hiyo?

Mwandishi aliondoka Singida alfajiri yake, na hajui kama mtoto yule alipelekwa. Aliahidiwa kwamba angepelekwa siku ya gulio.

Mtoto yule anaishi katika kata yenye hospitali ya rufaa. Wengi katika nchi hii wangeutamani ujirani huo. Lakini kwa jeraha hili, kukaa karibu na hospitali ni faraja ndogo. Daktari ataweza kumpanua mboni, akatazama ndani kwa taa yake, akaliona kovu lilipo, akalichora kwenye kadi. Kulifuta hataweza. Kinga yote ya jicho hilo ilikuwa mbali na hospitali: ilikuwa bandarini, juu ya meza ambayo boksi lile lilipita, ilikuwa dukani, kwa muuzaji ambaye hakuambiwa, ilikuwa kwa mjomba, ambaye kwa mapenzi yake yote alidhani ananunua furaha ya mtoto.

Wahenga hawakuijua leza. Lau wangeijua, tunaamini wangeuacha usemi wao kama ulivyo, kwa ajili ya wembe, na wangetuachia mwingine kwa ajili ya mwanga huu: kitu kisichouma wala kisichopona, mtoto akikililia, mwache alie.